Dawa "ilipunguza" ute, kumbe ilikipofusha kipimo

Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu, kila nikitaka kukiandika naona aibu kidogo maana na mimi nimo, jina langu lilikuwa kwenye ile rasimu. Ila juzi nimemwona mtu mwingine anaelekea shimo lilelile nikasema hapana, ngoja niandike yote mwanzo mpaka mwisho.

Dawa yenyewe ni asetilisisteini, wengi tunaiita NAC tu, ile ya kulainisha makohozi ambayo pia ndo inayookoa ini la mtu aliyemeza parasetamoli kupita kiasi. Ukifungua chupa ya unga wake unakutana na harufu ya yai viza. Hiyo ni salfa, na hiyo salfa ishikeni kwa sababu kisa chote kimejificha humo.

Swali alilileta kijana wetu wa masters, mchapakazi balaa, akasema tunajua NAC inaufanya ute uwe mwepesi, je inapunguza pia ute unaotengenezwa na seli? Swali zuri sana na wala sio la kitoto, maana watu wanachanganya hayo mambo mawili kila siku. Mgonjwa akisema dawa imenitoa makohozi, hapo hujajua kama kiwanda kimepunguza kazi au mzigo umelainika tu ukapata njia.

Seli tulizotumia ni za njia ya hewa ya binadamu, za watu waliochangia tishu, sio zile za saratani zinazokua hata ukizisahau. Hizi zina madeko. Unazipanda juu ya kiwambo chembamba chenye vitundu vya mikromita 0.4, kikombe kidogo kinachoning'inia ndani ya kisima, yaani kitundu cha pleti ya plastiki, unaweka midia, yaani maji yenye chakula cha seli, juu na chini, zikishajaa bila mwanya unanyonya midia ya juu zinabaki zinakula kwa chini na kupigwa na hewa kwa juu, kama zinavyoishi kifuani. Baada ya wiki 3 au 4 hivi ukiziweka chini ya darubini unaona vinyweleo vinapiga, uso wote unametameta kama dimbwi lililoguswa na upepo, na katikati yake zimo seli za ute, zile zenye umbo la bilauri, zimevimba kwa juu. Mi hadi leo nikiona hiyo nasimamisha kazi naangalia kwanza.

Ili zitoe ute mwingi kama kifua chenye pumu tulizipa IL-13, nanogramu 10 kwa kila mililita ya midia. IL-13 ni ujumbe wa kinga ya mwili, ukifika kwenye seli unaamsha STAT6, protini inayowasha jeni, taratibu seli za bilauri zinaongezeka na musini, yaani protini ya ute, inayoitwa MUC5AC inapanda sana. Kwa hiyo tukawa na makundi manne: seli tupu, seli zenye NAC, seli zenye IL-13, na zenye vyote viwili. NAC tuliiweka kwa juu, matone machache moja kwa moja juu ya uso wa seli, milimola 10 kwa lita, kwa sababu tulitaka kuiga dawa ya kuvuta kwa mashine ya mvuke sio ya kumeza. Siku 3 za mwisho kila siku, na siku ya mwisho ute ukavunwa dawa ikiwa bado imo ndani yake. Hiyo sentensi ya mwisho mngejua ilivyotugharimu.

Raundi ya kwanza haikufika mbali. NAC ni asidi, ukiiyeyusha kwenye maji bila kuirekebisha pH yake inashuka vibaya, na kijana alikuwa ameirekebisha nusunusu. Alipodondosha tu yale matone kwenye kisima cha majaribio chenye midia, rangi ikahama kutoka waridi kwenda manjano mbele ya macho yetu, kama chai iliyokamuliwa limau. Tukatupa. Seli zikiunguzwa na asidi hata ute ukipungua hujajifunza kitu, umejifunza tu kwamba seli zilizokufa hazitoi ute. Raundi ya pili dawa ikatengenezwa upya asubuhi ya siku hiyohiyo, maana NAC iliyoyeyushwa ikikaa inaungana na hewa inapoteza makali, pH ikapimwa, ikasogezwa mpaka 7.4, na tukaweka na kipimo cha LDH, kimeng'enya kinachovuja seli ikipasuka, kuona kama kuna seli zinazopasuka, na kipimo cha upinzani wa umeme kuona kama ule ukuta wa seli umebaki umeshikana. Vyote safi.

Alafu Elisa, kile kipimo cha kupima protini kwa kutumia kingamwili. Hapa nitakaa kidogo. Tulitumia ile staili ya zamani ya kukausha: unachukua mikrolita 50 za ute uliooshwa na maji ya chumvi, unaweka kwenye pleti ya visima 96, unaiingiza kwenye oveni ya nyuzi 40 usiku kucha mpaka ikauke na kugandia chini. Asubuhi unaosha, unaziba sehemu zilizo wazi na protini ya ng'ombe, unaweka kingamwili ya MUC5AC, alafu kingamwili ya pili yenye kimeng'enya, alafu rangi. Bluu inatokea, unaizima na asidi inakuwa njano, unasoma kwenye nanomita 450. Njano kali maana yake musini nyingi.

Visima vya IL-13 vilikuwa njano kama kiini cha yai. Visima vya IL-13 pamoja na NAC vilikuwa hafifu, kwa macho tu unaona, huhitaji mashine. Mashine ikasema imeshuka kwa zaidi ya nusu. Grafu ikatoka nzuri sana, zile grafu ambazo mtu anaigeuza kuwa picha ya mbele ya simu. Bosi akaangalia akasema andikeni muhtasari wa utafiti tuupeleke kwenye mkutano wa kisayansi, tukaandika, kichwa cha habari kikasema NAC inazuia uzalishaji wa MUC5AC kwenye seli za binadamu. Kwa herufi nzito.

Sasa kilichonisumbua mimi sio takwimu, ni pipeti.

Tulipokuwa tunarudia kwa mchangiaji wa pili nilikaa na kijana tukivuna pamoja. Unaweka maji ya chumvi juu ya seli, unasubiri dakika 10 kwenye inkubeta, unanyonya. Kwenye visima vya IL-13 peke yake ute ulikuwa mzito kiasi kwamba ncha ya pipeti inavuta inaziba, ukiinua mkono unaona uzi mwembamba unaofuata ncha, unanyooka, unanyooka, alafu unakatika na kurudi kisimani kama mpira. Nusu ya mzigo inabaki imeng'ang'ania kiwambo. Kijana akaniambia, "Dada, hii hainyonyeki kabisa, niongeze maji?" Nikamwambia usiongeze, vyote lazima vioshwe sawa. Tukafika visima vya NAC, ikatoka laini yote kama maji ya mchele, hakuna uzi, hakuna kitu kimebaki chini.

Nikanyamaza. Maana fikirieni: kama visima vya IL-13 tunavuna nusu tu ya kilichomo, na visima vya NAC tunavuna karibu chote, basi hata kama uzalishaji ni sawasawa kabisa, Elisa ilitakiwa ionyeshe NAC ina musini NYINGI zaidi. Sisi tulikuwa tunaona kinyume. Ama dawa ina nguvu ya ajabu, ama kipimo kina ugonjwa.

Na kulikuwa na ushahidi mwingine tulikuwa nao tangu mwanzo, tukaukalia. Baada ya kuvuna ute wa juu, kijana alikuwa anaosha seli vizuri, anazipasua, anapima na MUC5AC iliyobaki ndani. Hiyo ya ndani haikushuka. Tulipoona hivo tukajitungia maelezo, tukasema labda dawa haizuii kutengeneza bali inazuia kutoa. Inaingia akilini ukiisikia haraka haraka. Lakini kama kiwanda kinaendelea na mlango umefungwa, bidhaa si zitajaa ndani? Hazikujaa. Na kama kiwanda kimepunguza kazi, za ndani si zitapungua? Hazikupungua. Za ndani zilikaa palepale kana kwamba hakuna dawa iliyopita. Tulikuwa na namba moja inayokataa maelezo yote mawili, na watu wazima na digrii zetu tukaipita kama hatuijui.

Hapo ndo inabidi turudi kwenye salfa. MUC5AC ni protini kubwa kupita kiasi, asidi amino zaidi ya 5,000, alafu imevishwa sukari mpaka sukari inazidi nusu ya uzito wake. Molekyuli moja moja hazifanyi ute. Zinafungwa mwisho kwa mwisho na madaraja ya salfa, sisteini ya huku inashikana na sisteini ya kule, mpaka zinakuwa kamba ndefu zilizosukwa, na hiyo kamba ndo ule uzi niliouona kwenye pipeti. NAC imebeba salfa iliyo huru, kazi yake ni kuingia kati na kukata hayo madaraja. Kamba inakuwa vipande, ute unalegea. Dawa inafanya hasa kile ilichotengenezewa.

Shida ni kwamba kingamwili yetu haitambui MUC5AC nzima. Inashika sehemu moja ya mkiani, sehemu iliyojaa sisteini, na umbo la sehemu hiyo linashikiliwa na madaraja ya salfa hayohayo. Ukiyakata, ile sehemu inafunguka kama fundo lililolegezwa, kingamwili inapita haikuti cha kushika. Protini ipo palepale. Kipimo ndo hakiioni.

Na staili yetu ya kukausha ikaongeza petroli kwenye moto. Umeweka ute wenye milimola kadhaa za NAC kwenye kisima, unauweka kwenye joto usiku kucha, maji yanaondoka, dawa haiondoki, kwa hiyo kila saa inayopita dawa inazidi kuwa kali juu ya protini ileile. Yaani sisi wenyewe tulikuwa tunaipika.

Jaribio lililomaliza ubishi lilichukua siku moja na nusu na halikuhitaji seli hata moja. Tulikusanya ute wa visima vya IL-13 ambavyo havijawahi kuonja dawa, tukauchanganya kwenye chupa moja, tukaugawa kwenye tyubu. Nusu ya tyubu tukatia NAC, nusu maji ya chumvi yenye pH ileile, saa moja kwenye nyuzi 37, alafu Elisa kama kawaida. Hakuna seli humo, hakuna jeni, hakuna kiwanda, hakuna mtu wa kupunguza uzalishaji. Njano ikashuka vilevile. Karibu umbo lilelile la grafu ya kwenye muhtasari wetu. Kijana aliangalia pleti muda mrefu, akasema, "Dada, hapa tumepunguza uzalishaji wa tyubu ya plastiki." Tulicheka ile ya kuumia.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kutafuta nini hasa kilitokea kwa seli, na hii naipitia kwa haraka. Tulipima ujumbe wa jeni ya MUC5AC kwa PCR: IL-13 ilikuwa imeupandisha sana na NAC haikuushusha. Tulikata vipande vyembamba vya seli tukavipaka rangi ya PAS inayoshika sukari, mtu asiyejua kipande kipi ni cha nani akahesabu seli za bilauri, hakuona tofauti. Tukadondosha ute kwenye utando tukapaka PAS hapo pia, na NAC haigusi sukari kwa hiyo hiki kipimo haikipofushi, na hapo visima vya IL-13 pamoja na NAC vilionekana vina ute mwingi kidogo kuliko vya IL-13 peke yake, ambayo ndo ile niliyoitabiri pale kwenye pipeti, kwamba unavunika vizuri zaidi. PAS nayo ina kasoro, inashika glaikoprotini yoyote sio MUC5AC tu, ila kwa swali hili ilitosha. Mwisho tukafanya kitu ambacho tungefanya mwanzo: sampuli zote, zenye dawa na zisizo na dawa, tukazikata madaraja yote kwa makusudi na DTT, tukaziba ncha za salfa na iodoasetamidi zisirudi kuungana, alafu tukatumia kingamwili nyingine inayotambua MUC5AC iliyokwisha kufunguliwa. Wote wakawa uchi sawa. Tofauti ikayeyuka.

Kuna mtu ataniuliza mbona kuna kazi zinazoonyesha NAC inapunguza MUC5AC mpaka kwenye ngazi ya jeni, wamekosea wote? Hapana, na hapa ndo patamu. Inategemea umeuchokoza ute kwa nini. Ukizichokoza seli kwa moshi wa sigara, au haidrojeni peroksaidi, au elastesi ya seli nyeupe, ujumbe wa kutengeneza ute unapita kwenye njia ya oksijeni kali ambayo inaishia kuamsha EGFR, kipokezi kilichoko juu ya seli, na NAC ni kizima-oksidi kwa hiyo inaweza kweli kuikata hiyo njia katikati. IL-13 kupitia STAT6 haiihitaji sana njia hiyo. Dawa moja, swali moja, majibu mawili na yote ya kweli. Ila na hapo kuna mtego mwingine, ukiweka peroksaidi na NAC kwenye kisima kimoja zinakutana zenyewe zinamalizana kabla seli haijajua kuna ugomvi, alafu unaandika kwamba dawa imeilinda seli. Kwa hiyo mpe dawa kwanza, osha, ndo umchokoze.

Dozi nayo tuliulizwa na mtu mmoja kwenye kikao cha ndani, aliuliza kwa ukali na alikuwa na haki. Milimola 10 ni gramu 1.63 kwa lita. Mtu akimeza miligramu 600, sehemu kubwa inaliwa na utumbo na ini, chini ya asilimia 10 ndo inafika kwenye damu ikiwa bado NAC, na unaongelea mikromola kumi na kitu. Sisi tuliweka mara mia kadhaa ya hiyo. Kwa kidonge, pleti yetu haisemi chochote, na atakayeitumia kutetea kidonge anadanganya. Kwa dawa ya kuvuta ni hesabu nyingine kabisa, suluhisho la asilimia 10 lina miligramu 100 kwa mililita, hiyo ni zaidi ya milimola 600, kwa hiyo milimola 10 juu ya uso wa seli sio kichaa. Tatizo ni kwamba muhtasari wetu haukusema ni ipi kati ya hizo mbili. Ulisema NAC tu.

Na tukiwa tunajivua nguo, lile swali la n, yaani idadi ya sampuli. Tuliandika n=12. Kumi na mbili ya nini? Visima 12 vya mchangiaji mmoja. Hiyo ni n=1 iliyopimwa mara 12. Seli za watu tofauti zinaitikia IL-13 tofauti sana, kuna mchangiaji seli zake zinafurika ute mpaka unatisha na kuna mwingine unambembeleza. Raundi ya mwisho tulikuwa na wachangiaji 4 na kila mmoja alihesabiwa mara moja, na ujue ukihesabu hivo nyota za takwimu zinapukutika haraka sana.

Nilichokipenda mwishoni ni kitu ambacho hakikuwa hata kwenye mpango. Kijana alidondosha chembechembe ndogo za plastiki zinazong'aa juu ya seli akarekodi video. Kwenye visima vya IL-13 chembe zimesimama, zinatikisika palepale kama gari lililokwama kwenye tope, vinyweleo chini yake vinapiga bure. Dakika chache baada ya NAC zikaanza kusogea, kwanza moja moja, alafu kundi zima likaanza kuzunguka pembeni ya kikombe. Ute uleule, kiasi kilekile, ila sasa unateleza. Dawa ilikuwa inafanya kazi muda wote, sisi ndo tulikuwa tunaisifia kwa kazi ambayo haikuifanya.

Muhtasari tuliuondoa kabla haujachapishwa. Bosi alinuna wiki nzima, alafu akaja mwenyewe akauliza ile video iko wapi. Kwenye friza yetu sasa kuna boksi limeandikwa kwa kalamu nyekundu UTE BILA SELI, na dawa yoyote mpya ikija inapita kwanza humo kabla haijaonyeshwa kisima chenye seli. Mwezi uliopita dawa nyingine imefeli hapo, na haina salfa kabisa. Bado hatujajua inampofushaje kingamwili, kijana anadai ni chumvi.